Gesi Inayotengenezwa na Mishipa ya Fahamu

Mwilini mwako kuna gesi inayotengenezwa sasa hivi, wakati macho yako yanapita juu ya herufi hizi. Hatusemi ile gesi ya tumboni inayotuaibisha mbele za watu baada ya kula maharage. Tunasema gesi nyingine, isiyoonekana kwa macho, inayotengenezwa na ubongo na mishipa ya fahamu. Jina lake ni naitriki oksaidi.

Jina ni gumu, lakini kitu chenyewe ni kidogo sana. Ni chembe moja ya naitrojeni na chembe moja ya oksijeni, zimeshikana. Naitrojeni ndiyo ile tunayoitafuta katika mbolea ya chumvichumvi. Oksijeni ndiyo tunayoivuta puani kila tunapopumua. Radi ikipiga, gesi hii hutokea angani. Hutokea pia katika moshi wa magari, na ikiwa nyingi ni sumu. Ndiyo maana wataalamu walishangaa sana walipogundua kwamba mwili wa binadamu unaitengeneza wenyewe, tena kwa makusudi.

Kwa nini mtu wa kijijini ajue habari hizi? Kwa sababu gesi hii inahusika na mambo matatu ambayo wengi wetu tumeyaona: mtoto mchanga anayetapika kila anaponyonya, mtu mzima anayeangushwa na kiharusi, na vidonge vinavyouzwa kwa siri kwa wanaume. Tutafika huko. Kwanza tuione gesi yenyewe inavyotengenezwa.

Seli za neva husemezanaje?

Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana vinavyoitwa seli, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Seli za mishipa ya fahamu huitwa seli za neva. Katika ubongo wa mtu mzima zimo kama bilioni 86. Kazi yao ni kupokea habari na kuzipeleka mbele.

Seli moja ya neva haikushikana kabisa na jirani yake. Katikati pana upenyo, mwembamba kuliko unywele. Seli ikitaka kumpa mwenzake habari, humwaga kemikali kidogo katika upenyo huo. Kemikali huvuka mpaka ng'ambo na kuingia mahali pake, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Kufuli ikifunguka, habari imefika. Kemikali za namna hii hutengenezwa mapema na kuwekwa akiba katika vifuko, zikisubiri siku yao.

Naitriki oksaidi haifuati utaratibu huo hata kidogo. Kwanza, haiwekwi akiba, maana hakuna kifuko cha kuizuia. Inapenya kuta za seli kama harufu ya samaki anayekaangwa. Haibishi hodi, wala haipiti mlangoni, na majirani wa kulia na wa kushoto wote wanaipata. Pili, haidumu. Baada ya sekunde chache imekwisha.

Sasa fikiri. Kitu kisichowekwa akiba na kisichozuiwa na ukuta utakitawala vipi? Iko njia moja tu: kuitawala kazi ya kukitengeneza. Na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya.

Kimeng'enya ni nini?

Wapika togwa wanakijua kimeng'enya, hata kama jina hawalijui. Uji mzito wa mahindi ukitiwa kimea cha ulezi, baada ya muda huwa mwepesi na mtamu. Sukari haikutiwa. Ila ndani ya kimea kuna kitu kinachokatakata wanga na kuugeuza sukari. Kitu hicho ndicho kimeng'enya. Hugeuza kitu hiki kuwa kile, na chenyewe hakiishi. Kikimaliza kimoja hushika kingine. Mwili wetu una vimeng'enya vya namna nyingi sana, kila kimoja na kazi yake.

Kimeng'enya tunachokisema leo hutumia malighafi mbili. Ya kwanza ni oksijeni. Ya pili ni arginini, nayo inatokana na vyakula vya kujenga mwili kama karanga, ufuta, maharage, mbegu za maboga, samaki, nyama na mayai. Mwili pia hujitengenezea kiasi fulani.

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Upande mmoja pana injini, upande mwingine pana kinu. Kimeng'enya hiki nacho kina pande mbili. Upande wa injini hupokea nguvu inayotokana na chakula tulichokula. Upande wa kinu una chuma kidogo katikati, chuma cha namna ileile iliyomo katika damu nyekundu. Hapo kwenye chuma ndipo arginini na oksijeni hukutanishwa.

Hapa mfano wetu unapungua kidogo, kwa sababu mashine zenyewe ni mapacha. Husimama mbili mbili zikiwa zimeshikana, na injini ya huyu huendesha kinu cha yule. Mashine iliyo peke yake haisagi.

Sasa kila mwenye mashine anajua kwamba injini inaweza kuwa tayari na mahindi yamejaa, lakini kama mkanda haujavishwa, hutapata unga. Mkanda wa mashine hii ni kitu kinachoitwa kalmodulini. Nacho hakijivishi chenyewe, mpaka kipate kalisi, yaani madini ya chokaa, yale yale yaliyomo katika mifupa na maziwa.

Ndani ya seli ya neva iliyotulia, kalisi huru ni kidogo mno. Ile ya nje ni nyingi kuliko ya ndani mara kama 10,000. Seli hufanya kazi usiku na mchana kuisukuma nje. Lakini kuta zake zina milango. Kuna mlango mmoja wa pekee, ambao hufunguka kemikali iitwayo glutameti inapofika na seli yenyewe imekwisha amshwa vya kutosha. Habari hafifu haiufungui. Habari nzito, inayokuja kwa nguvu na kwa kurudiarudia, ndiyo inayoufungua. Na kimeng'enya chetu kimefungwa papo hapo karibu na mlango huo, kama mbwa aliyefungwa karibu na lango la boma.

Basi mlango ukifunguka, kalisi huingia kwa kasi. Kalmodulini huidaka, hubadilika umbo, na kujivisha kwenye mashine. Nguvu inapita kutoka injini kwenda kinuni. Arginini inakatwa, na gesi inatoka. Mabaki yake huitwa sitrulini, jina lililotokana na jina la kitaalamu la tikiti maji, kwa kuwa ni tunda lenye sitrulini nyingi. Mabaki hayo hayatupwi. Seli huweza kuyageuza yakawa arginini tena.

Haichukui muda seli huisukuma kalisi nje. Mkanda unavuka, mashine inasimama, na gesi iliyotoka inakwisha. Kwa hiyo anayetaka kula karanga debe zima ili ubongo wake utoe gesi nyingi ajue kwamba mahindi kujaa kinuni si kuvisha mkanda. Karanga ni chakula kizuri, ale kwa sababu hiyo.

Gesi ikitoka inafanya nini?

Inaingia katika seli za jirani na kukishika kimeng'enya kingine, ambacho nacho kina chuma. Gesi ikikaa juu ya chuma hicho, kimeng'enya huamka na kutengeneza tarishi wa ndani, yaani kemikali inayozunguka mle ndani ya seli na kutoa amri. Amri yenyewe inategemea seli imekuwa ya nini. Ikiwa ni seli ya msuli wa mshipa wa damu au wa utumbo, amri ni: legea. Ikiwa ni seli ya neva, amri inaweza kuwa: sema kwa nguvu zaidi.

Jambo hili la mwisho linatuhusu sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima. Kwa kawaida habari huvuka upenyo kwenda upande mmoja tu, kutoka kwa msemaji kwenda kwa msikilizaji. Gesi hii inaweza kurudi nyuma. Seli iliyosikiliza humrudishia iliyosema jibu, kana kwamba inasema, nimekusikia, safari nyingine sema hivyo hivyo kwa nguvu. Wataalamu wanaiona kuwa mojawapo ya njia, ingawa si njia pekee, ambazo ubongo huzitumia kuimarisha mambo yanayorudiwarudiwa. Ulipokuwa ukichanganya b na d, na mwalimu akakurudisha ubaoni tena na tena, milango ya kalisi ilikuwa ikifunguliwa kichwani mwako.

Waliogundua habari hizi

Historia yake ni ya ajabu, maana ilianza na baruti. Mwaka 1867 Alfred Nobel wa Sweden alipata hati ya kumiliki ugunduzi wa baruti kali iitwayo dainamaiti, iliyotengenezwa kwa nitrogliserini. Baadaye waganga wakaona kwamba nitrogliserini hiyo hiyo, ikitumiwa kidogo sana, inatuliza maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Mganga William Murrell wa London aliandika habari hizo mwaka 1879. Nobel mwenyewe alipougua moyo, waganga walimwandikia dawa hiyo. Alifariki mwaka 1896. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini kitu cha kupasulia miamba kinapoza moyo.

Jibu lilichelewa sana. Mwaka 1977 Ferid Murad wa Marekani alionyesha kwamba dawa za namna hiyo hutoa naitriki oksaidi. Mwaka 1980 Robert Furchgott aligundua kwamba utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa kitu kinachoilegeza mishipa hiyo. Kitu gani? Ilipofika mwaka 1987 ilijulikana kuwa ni gesi ile ile. Mwaka 1988 John Garthwaite na wenzake, huko Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba seli za ubongo wa panya nazo hutoa kitu cha namna hiyo zikiguswa na glutameti. Mwaka 1990 David Bredt na Solomon Snyder, huko Baltimore, Marekani, wakakitenga kimeng'enya chenyewe kutoka katika ubongo wa panya, wakaona kwamba bila kalmodulini hakifanyi kazi. Ndiyo habari ya mkanda tuliyoieleza. Furchgott, Murad na mwenzao Louis Ignarro walipewa tuzo mwaka 1998. Tuzo hiyo ni ya Nobel, iliyotokana na urithi wa yule mwenye baruti.

Mtoto anayetapika

Tumbo lina lango mwishoni, linaloruhusu chakula kwenda utumboni. Lango ni msuli. Ili lifunguke, neva za hapo lazima zitoe gesi yetu, msuli ulegee. Mwaka 1992 wataalamu huko Ubelgiji walichunguza malango ya watoto wachanga waliozaliwa vizuri lakini baada ya wiki chache wakaanza kutapika kwa nguvu. Waliona kwamba neva zilizoingia katika msuli wa lango zilikuwa zimekosa kimeng'enya hiki. Mwaka uliofuata, huko Marekani, panya waliofanywa wakose kimeng'enya cha neva walionekana kuwa na matumbo yaliyotanuka, kwa sababu chakula kilikwama.

Dalili za mtoto wa namna hii zinajulikana. Kwa kawaida huanza akiwa na umri wa wiki mbili hadi nane. Ananyonya, kisha maziwa yanaruka mbali, si kudondoka kidevuni kama watoto wote wanavyocheua. Matapishi ni maziwa, hayana rangi ya nyongo. Akishatapika anataka kunyonya tena, maana njaa bado anayo. Uzito unapungua, mkojo unapungua. Mama zetu wengi wameambiwa ni kijicho, au ni kimeo, wakampeleka akakatwe. Kukata kimeo hakufungui lango la tumbo, na mtoto anapoteza damu na siku. Ugonjwa huu una tiba nayo ni upasuaji mdogo wa kuulegeza msuli ule. Lakini mtoto lazima afike hospitali kabla hajaishiwa maji.

Kiharusi

Mpaka hapa tumeona shida ya gesi kukosekana. Kiharusi ni kinyume chake. Mara nyingi kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapozibwa na damu iliyoganda. Seli za upande huo zinakosa oksijeni. Zinashindwa kuitunza glutameti yao, inamwagika ovyo. Milango yote ya kalisi inafunguka kwa pamoja na hakuna nguvu ya kuisukuma kalisi nje. Mkanda umevishwa, hakuna wa kuuvua. Mahali ambapo damu bado inapita kidogo, mashine inatoa gesi bila kiasi. Gesi hiyo ikikutana na oksijeni iliyoharibika, vinaungana kuwa sumu kali inayounguza seli, hata zile za jirani ambazo zingeweza kupona.

Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na kimeng'enya cha neva, wakizibiwa mshipa wa ubongo, huharibika sehemu ndogo kuliko panya wengine. Basi utasema, si itafutwe dawa ya kuizima mashine? Imetafutwa. Shida ni kwamba mishipa ya damu nayo ina kimeng'enya chake, ndugu wa hiki, kinachotoa gesi ya kuitanua mishipa ili damu ipite. Ukizima vyote viwili unamdhuru mgonjwa. Mpaka sasa dawa ya kuizima mashine ya neva peke yake haijaingia katika matibabu ya kawaida ya kiharusi.

Kwa hiyo kilichopo mikononi mwetu ni muda. Kule kuungua hakumaliziki kwa dakika moja. Kunaendelea kwa saa nyingi. Ukiona mtu ghafla mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umekosa nguvu, au maneno hayaeleweki, angalia saa na ukumbuke ilianza lini, maana mganga ataliuliza hilo kwanza. Mlaze ubavu. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Usimpe hata aspirini, kwa sababu viharusi vingine hutokana na mshipa kupasuka, na dawa hiyo itaongeza kuvuja kwa damu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Wapo jamaa wanaotumia siku mbili kumtafuta aliyeroga. Siku hizo mbili ndizo seli zilizokuwa za kuokolewa.

Na presha ipimwe kabla ya yote hayo. Presha ya juu ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na mtu anaweza kuwa nayo miaka asijue.

Vidonge vya siri

Tumalizie na jambo ambalo watu hawapendi kulisema, lakini linaua. Nguvu za kiume nazo zinaanzia kwenye gesi hii. Neva huitoa, mishipa ya damu ya sehemu hiyo inalegea, damu inajaa. Kisha kimeng'enya kingine humfuta yule tarishi wa ndani, mambo yanarudi kama kawaida. Kidonge cha sildenafili, ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la Viagra, humzuia huyo mfutaji. Hakitengenezi gesi. Kinamfanya tarishi akae zaidi, basi.

Sasa angalia hatari. Mgonjwa wa moyo anayeweka nitrogliserini chini ya ulimi anaongeza gesi mwilini. Akimeza na kidonge kile, gesi imeongezwa na mfutaji amezuiwa. Mishipa ya mwili mzima inalegea kupita kiasi, presha inaanguka, na mtu anaweza kufa. Dawa hizi mbili hazikutani kamwe. Tena katika nchi mbalimbali wakaguzi wa dawa wamekuta sildenafili imechanganywa kwa siri katika unga unaouzwa kwa jina la miti shamba. Mtu anadhani amekunywa mizizi, kumbe amekunywa kidonge asichokijua kipimo chake. Ukipata maumivu ya kifua baada ya kutumia dawa kama hiyo, mwambie mganga ulichokunywa, hata kama mkeo au mwanao amesimama hapo. Akikupa nitrogliserini bila kujua, utakuwa umemficha jambo la uhai wako.

Na wapo wanaosema kidonge hakikuwasaidia kitu. Mara nyingine sababu ni kisukari. Sukari ikikaa nyingi katika damu miaka mingi huharibu neva, na neva zilizoharibika hazitoi gesi ya kutosha, hivyo kidonge kinakosa cha kufanyia kazi. Mwanaume aliyepungukiwa nguvu, ambaye pia ana kiu isiyokwisha na huamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, aende zahanati akaombe apimwe sukari.